Kule Marekani Hakuna Exetat: Pointi Zinahesabiwa Tangu Mwaka wa Kwanza

Wengi wetu tuko na ndugu waliotoka kambi za Nyarugusu, Nakivale ao Kyangwali na kupelekwa Marekani. Sasa watoto wao wanasoma sekondari kule. Wazazi wanapotupigia simu kuomba shauri, mara nyingi wanasikia neno hili: “Mtoto ajikaze sana mwaka wa mwisho.” Kwetu shauri hilo ni zuri. Kule linaweza kumfungia mtoto mlango.

Hapa Kongo, mlango wa universite unafunguliwa na Exetat. Hata mtoto aliyekuwa nyuma darasani, akifikisha 50%, anapata diploma ya Leta. Ndiyo sababu wafinalisti wetu wanakesha na vitabu, na mama anauza hata kitenge chake ili kulipa pesa za mtihani.

Marekani hakuna mtihani mmoja wa Leta wa namna hiyo. Sekondari ni miaka 4, na universite inaomba karatasi yenye kuonyesha alama zote tangu mwaka wa kwanza. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F ni sufuri. Kisha wanatafuta wastani. Tufanye hesabu: mtoto mwenye wastani wa 2 mwaka wa kwanza, akipata 4 miaka miwili inayofuata, anafika karibu 3.3 tu. Mwaka ule wa kwanza haufutiki.

Tena universite nyingi zinatazama ni masomo gani mtoto alichukua. Akikimbia hesabu ngumu ili buletini ipendeze, wataona.

Na nafasi darasani? Shule nyingi za Marekani zimeacha kuwapanga watoto wa 1, wa 2, wa 3. Lakini katika jimbo la Texas, ambako Wakongo wengi wanaishi, nafasi iko na nguvu ya sheria. Tangu 1997, mtoto aliye katika 10% za juu kati ya wafinalisti wa shule yake anapokelewa na universite za serikali za jimbo hilo, ikiwa alifuata programu inayotakiwa na akaomba kwa wakati. Universite ya Texas iliyo Austin inaombwa na watu wengi sana, kwa hiyo iliruhusiwa kupunguza: kwa miaka kadhaa ilikuwa 6%, na kwa wenye kuingia mwaka wa 2026 ni 5%. Shule ikiwa na wafinalisti 300, 10% ni watoto 30. 5% ni watoto 15 tu.

Sheria hiyo inamsaidia mtoto wa maskini, kwa sababu anapimwa pamoja na wale wanaosoma naye shule moja. Hapimwi na mtoto wa shule ya matajiri. Lakini kupokelewa si kupata fakulte unayotaka, wala si kulipiwa masomo. Hayo yanaombwa kando.

Basi, tuwaambie ndugu zetu mambo haya:

Mtoto anapoingia sekondari, mzazi aende kuonana na mshauri wa masomo wa shule. Amuulize namna gani alama za kambini ao za Kongo zitahesabiwa, na ni masomo gani yanatakiwa ili kufika universite.

Mama asiogope Kiingereza. Shule za serikali kule zinapaswa kumpatia mzazi mkalimani bila malipo. Asimtumie mtoto kama mkalimani wa buletini yake mwenyewe!

Mtoto aliyefika akiwa mkubwa, na alama zake ziko chini kwa sababu ya luga, asikate tamaa. Kuna vyuo vya jamii vyenye kupokea karibu kila mtu aliyemaliza sekondari. Anaweza kusoma miaka 2 pale, kwa bei ya chini, kisha kuhamia universite kwa pointi alizopata chuoni.

Juma hili, ukiongea na dada yako aliye kule, muulize mtoto yuko mwaka wa ngapi. Akijibu “wa kwanza,” mwambie mtihani umekwisha kuanza.