Bajeti ya Dodoma ikifika kwenye makarasha ya Buseresere

Buseresere na Katoro zimeshikana kiasi kwamba mgeni hatambui ni wapi ametoka wilaya ya Chato akaingia ya Geita. Anayetambua ni mtoza ushuru. Katika biashara ya dhahabu mpaka huo ni hesabu, maana ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ni mali ya halmashauri, na kila halmashauri inavutia kwake.

Juu ya ushuru huo kuna mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyowekwa mwaka 2017. Jumla ya hayo matatu ni asilimia 7.3. Wanaokumbuka yaliyokuwapo hawapigi kelele sana: kabla ya Februari 2019 mchimbaji mdogo alidaiwa pia VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Bunge likafuta zote mbili, na mwezi uliofuata soko la madini likafunguliwa mjini Geita. Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote walizonazo watetezi wa sera za Dodoma, na ina ukweli. Sehemu ya dhahabu iliyokuwa ikivushwa mpaka kwa magendo ilianza kupita kwenye mizani.

Ofisa mmoja wa sekta hiyo, ambaye hakutaka kutajwa, anarudia takwimu iliyozoeleka: wachimbaji wadogo huchangia karibu asilimia 40 ya mapato ya serikali yatokanayo na madini, na sekta nzima ilifikia asilimia 10.1 ya pato la taifa mwaka 2024. Kwake huo ni ushahidi tosha kwamba sheria zinafanya kazi. Asichokigusa ni bei. Wakia moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 2,000 mwaka 2024 ulipoanza. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Hapo mrabaha unapanda hata kama duara, yaani shimo la uchimbaji, halijaongeza gramu moja. Sifa za soko la dunia zinaandikwa kwa jina la sera.

Mwenye makarasha mawili, mashine za kusaga mawe, huko Buseresere ana hesabu nyingine, na hana haraka ya kuimaliza. Anasema msamaha wa kodi humkuta mwenye karatasi. Kijana anayeleta viroba vya mawe anauza dhahabu yake usiku uleule kwa broka, pointi mbili tatu, kwa kuwa wenzake wa duarani wanangoja mgawo na mwenye eneo anataka chake. Broka hukata bei kwanza, kisa makato ya sokoni. Hata punguzo la mrabaha kutoka asilimia 6 hadi 4 kwa dhahabu inayopelekwa viwanda vya kusafisha vya ndani, analalamika, halijawahi kuonekana mwaloni, dhahabu inakooshwa. Linabaki kwa mwenye mzigo.

Kisha dizeli. Mwaka wa fedha 2023/24 Sheria ya Fedha iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Anayechoma lita 40 kwa siku kwenye karasha na pampu analipa 4,000 zaidi kila siku, mawe yawe na dhahabu au yasiwe nayo. Kiasi hicho huhamia kwenye bei ya kusaga, na kijana wa viroba ndiye anayekibeba.

Lakini linalomkera zaidi mwenye makarasha ni ule mpaka wa Chato na Geita. Tangu Sheria ya Fedha ya 2018, halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho yaliyopotea na vikundi hewa, ikarudi katika mwaka wa fedha 2024/25. Sasa, anauliza, mawe yakisagwa Buseresere na dhahabu ikapimwa Katoro au Geita mjini, 0.3 inahesabiwa kwa nani? Maofisa husema ushuru unafuata chimbuko. Yeye anacheka: dhahabu ikishapita mikono ya mabroka watatu, nani anajua imetoka duara gani? Kama yuko sahihi, mama ntilie wa pembeni ya makarasha wanapunjwa mikopo na kosa la mizani. Inawezekana anatia chumvi, ila hesabu za wazi, kata kwa kata, zingemnyamazisha.

Mbele hakusomeki vizuri. Bei ikibaki juu, gesti na maduka ya vifaa vya ujenzi yataendelea kuota kando ya barabara, na kila bajeti itadai sifa. Ikishuka, ikumbukwe kwamba mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mwenye duara lenye hasara analipa asilimia ileile ya mwenye duara linalotema.

Bajeti ya taifa ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49, namba isiyomsaidia mtu kupanga bei ya kusaga kiroba. Mkazi wa Buseresere amuulize diwani wake namba mbili ndogo zaidi: ushuru wa dhahabu ulioandikwa kwa jina la kata yake, na vikundi vya kata hiyo vilivyopokea fedha mikononi.