Karakana ya Knöbel na Magari ya Kulala



Wale wetu waliokua katika miaka ya 1960 na 1970 wanaikumbuka vizuri Kombi ya Volkswagen. Huku kwetu ilikuwa gari la abiria, gari la misheni, na gari la watalii lililokatwa paa ili mgeni asimame amtazame simba. Mara nyingine ilipita moja yenye mapazia madirishani na turubai juu, Wazungu wawili mbele na watoto nyuma, nasi tukaambiwa kwamba hao wanalala humo humo na kupika humo humo. Wengi tulidhani Volkswagen ndiyo iliyotengeneza vitanda vile. Sivyo. Vitanda vilitengenezwa na karakana ya ukoo mmoja, na habari ya karakana hiyo inawahusu sana wanachama wetu wa kazi za bodi, wa Katwe hapa Kampala na ndugu zao wa Nairobi na Arusha.

Mwaka 1844 mhunzi aitwaye Johann Bernhard Knöbel alifungua karakana yake Wiedenbrück, mji mdogo wa Westfalia huko Ujerumani. Kazi ilikuwa magari ya kukokotwa na farasi. Watoto wakarithi, wajukuu wakarithi. Motokaa zilipoingia wahunzi wengi walifunga milango, lakini ukoo huu ulijiuliza motokaa itahitaji nini, ukaanza kutengeneza matela. Katika miaka ya 1930 ndio waliotoa kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kufungia tela nyuma ya gari. Kitazameni nyuma ya pikapu yoyote: kingali kile kile.

Volkswagen ilianza kutoa basi lake dogo mwaka 1950. Mwaka uliofuata karakana ya Knöbel, ambayo sasa iliitwa Westfalia kwa jina la jimbo lao, ilitoa sanduku la mbao la kuweka ndani ya basi hilo. Mchana sanduku ni kiti na kabati, usiku linakunjuliwa kuwa kitanda. Uzuri wake ni kwamba liliweza kutolewa. Fundi bomba au mwenye duka aliweza kubeba mizigo Jumatatu hadi Ijumaa, na siku ya mapumziko akarudisha sanduku akaenda ziwani na familia yake. Katika Ujerumani iliyotoka vitani mtu wa kawaida hakuwa na fedha za magari mawili, na watu wa Wiedenbrück walilijua hilo kwa sababu wao wenyewe walikuwa watu wa kawaida.

Baadaye gari zima lilifika karakanani likiwa tupu kama debe, likatoka likiwa nyumba. Hapa tungependa kukaa kidogo, maana kazi hii hudharauliwa na wasioijua. Kukata paa ni kazi ya dakika chache. Shida ni baada ya kukata. Gari kama Kombi halina chasisi ya lori iliyo peke yake chini. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na paa ni sehemu ya nguvu zake. Ukitoboa tundu kubwa juu bila kuzungushia fremu ya chuma, gari litajipinda barabarani, milango itagoma kufunga na vioo vitapasuka. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea huanza. Akimaliza, mwingine hufunga bawaba za paa jipya na kushona turubai isiyopitisha mvua. Ndipo seremala huingia, naye si seremala wa nyumba: makabati yake lazima yawe mepesi, yasilie njiani, yasifunguke kwenye kona. Halafu tangi la maji, jiko la gesi, friji, na nyaya zake. Kosa moja katika gesi ni mauti ya watu waliolala. Fundi anayenyanyua paa la HiAce au kurefusha Land Cruiser kwa ajili ya kampuni za watalii anajua tunachosema.

Biashara ilipanda. Mamerikani walikuja Ulaya, wakanunua gari la kulala, wakazunguka nchi kadhaa, kisha wakalipakia melini kurudi nalo kwao. Katika miaka ya 1960 dola moja ilikuwa na thamani ya marka 4 hivi. Kufika 1973 ilikuwa imeshuka chini ya 3, na mwaka huo huo mafuta ya petroli yakapanda bei duniani kote. Mteja wa Marekani akaona gari ghali na petroli ghali. Karakana ilitikisika lakini haikuanguka. Yakaja magari mapya, na mwaka 1988 likatoka lile lililoitwa California, lililouzwa katika maduka ya Volkswagen wenyewe. Mnunuzi hakuwa na haja ya kujua kwamba kuna mji uitwao Wiedenbrück.

Na hapo ndipo penye fundo. Gari lilikuwa la Volkswagen. Duka lilikuwa la Volkswagen. Jina la California, Volkswagen pia. Westfalia walikuwa na ufundi na sifa kwa wajuzi, basi. Hatusemi kwamba hawakuiona hatari. Waliiona, wakatafuta wateja wengine: walitengeneza magari ya Ford tangu miaka ya 1980, kisha ya Mercedes. Mtu yeyote mwenye busara angewashauri hivyo hivyo, nasi tungewashauri hivyo.

Lakini mwaka 1999 kampuni ya zamani iligawanywa. Kazi ya kufungia matela ikawa kampuni mbali, matela yenyewe mbali, na magari ya kulala mbali. DaimlerChrysler, wenye Mercedes, wakanunua asilimia 49 ya sehemu ya magari ya kulala, na mwaka 2001 wakachukua iliyobaki. Basi mteja mmoja amekuwa mwenye nyumba. Je, mteja wa kwanza ataendelea kula mezani kwa hasimu wake, na kumwonyesha michoro ya gari lake jipya kabla halijatoka? Volkswagen walikataa. California mpya ya mwaka 2003 walijenga wenyewe Hannover. Ushirikiano wa zaidi ya miaka 50 ukakatika.

Turudi kwa wafanyakazi, maana hili ni gazeti lao. Ujerumani inayo sheria, tangu 1972, kwamba kiwanda kikiuzwa mikataba ya wafanyakazi huhamia kwa mwenye kiwanda mpya pamoja na mashine. Hawezi kununua jengo na kuwafukuza watu kwa sababu tu ya kununua. Ni sheria njema, na vyama vya huku kwetu vingefanya vizuri kuidai ilivyo. Hata hivyo itazameni kwa makini. Inamlinda mfanyakazi kiwanda kinapouzwa. Haimlindi pale mteja mkubwa anapoondoka na oda yake. Oda ya California haikuuzwa kwa mtu. Iliondoka tu, kama mgeni anayebeba mkoba wake.

Tena kazi hiyo haikwenda ng'ambo kwenye mishahara midogo, jambo ambalo tumezoea kulilalamikia. Ilikwenda Hannover, safari ya saa chache, kwa mafundi wa Volkswagen wenye mkataba mzuri uliopatanwa na IG Metall, chama cha wafanyakazi wa chuma. Chama cha wafanyakazi wa mbao kilikuwa kimejiunga na IG Metall mwaka 2000, kwa hiyo seremala na mchomeleaji wote walikuwa na chama kimoja cha kuingia. Chama kitaseme nini, basi, kazi inapotoka kiganjani mwa ndugu mmoja ikaingia kiganjani mwa ndugu mwingine? Tumelijadili ofisini na hatukupatana.

Yaliyofuata ni mafupi. Daimler waliiuza karakana kwa Aurelius, kampuni ya wawekezaji. Mwaka 2008 likaja anguko la mabenki, na gari la kulala ni kitu cha kwanza ambacho familia huahirisha kununua. Mwaka 2010 kampuni ikatangaza imefilisika. Katika hali hiyo mfanyakazi wa Kijerumani hulipwa mshahara wake wa miezi hadi 3 na ofisi ya kazi ya serikali, kutoka mfuko ambao waajiri huchangia. Huku kwetu mfilisi akiingia kiwandani, fundi hupanga foleni nyuma ya benki. Wanunuzi waliojitokeza ni Rapido wa Ufaransa, kampuni nyingine ya ukoo, iliyoanzishwa mwaka 1961 na fundi wa samani wa Mayenne. Jina la Westfalia likabaki, na miaka ya karibuni mafundi wake wamerudi kutengeneza vitanda ndani ya Volkswagen pia, ingawa si California.

Hapa Katwe karakana nyingi za bodi ni za baba na wana, na nyingine hula kwa kampuni moja tu ya watalii au muuza magari mmoja. Wanachama walio katika karakana za namna hiyo wanaombwa kuja kwenye mkutano wa tawi na majibu ya maswali haya: oda zinatoka kwa nani, zimeandikwa kwa muda gani, na mteja akiondoka notisi yake ni ya siku ngapi. Asiyejua amwulize mwajiri wake kwanza, kwa adabu, na mbele ya shahidi.