Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Nyumba za Kupanga

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999, kina kampasi yake kuu Tunguu, Wilaya ya Kati Unguja. Mwanafunzi asiyepata nafasi dakhalia hulazimika kupanga chumba, ama katika vijiji vya jirani au Mjini. Anayechagua Mjini azingatie kwamba nauli ya daladala, kwenda na kurudi, ni sehemu ya gharama za makaazi. Aijumlishe na kodi kabla ya kulinganisha.

Hatari kubwa imo katika malipo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi akimkabidhi fedha hizo dalali asiyetumwa na mwenye nyumba, hukosa fedha na makaazi kwa pamoja, na masomo yake huyumba. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, aonane na Sheha, ambaye anawajua wakaazi wa shehia yake na ambaye mgeni hupaswa kujitambulisha kwake. Dalali hupewa ujira wake. Kodi hukabidhiwa mwenye nyumba, kwa risiti. Mkataba uandikwe, utaje muda, kiwango cha kodi na nani atalipia maji na umeme.

Chumba kikaguliwe mchana, na majirani waulizwe iwapo maji hutuama hapo wakati wa masika.

Wenye nyumba nao wanaombwa kuwatambulisha madalali wao kwa Sheha, ili pasiwe na mwanafunzi atakayelipa mara mbili kwa chumba kimoja.