Kwa Nini Saratani ya Mlango wa Kizazi Huja Kimya Kimya

Akina mama wengi wa Malindi na Kilifi hutuambia, "Mimi siumwi, nipimwe nini?" Hebu basi, wapenzi wasomaji, tuingie ndani ya seli.

Kila seli ina protini iitwayo p53, ambayo ni kama askari wa zamu. Vinasaba vikiharibika, seli humbandika askari huyu fosfeti. Alama hiyo humpa nguvu, naye huizuia seli isigawanyike mpaka irekebishwe, ama huiamuru ife. Kuna alama nyingine, yubikwitini. Hiyo ni kama ile X nyekundu ipakwayo vibanda vya kando ya barabara: ukiiona, jua tingatinga laja. Seli huitumia kuondoa protini isizozihitaji.

Virusi vya HPV huenezwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Lakini aina ya 16 au 18 ikikaa, protini yake E6 humfanya askari mzima apakwe X, avunjwe. Seli mbovu huzaana bila maumivu, pengine miaka 10 au 20. (Kwa hiyo waume wasianze kuuliza ati nani kaleta.) Damu ikianza kutoka ovyo, mara nyingi tumechelewa.

Chanjo ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini Kenya Oktoba 2019, bure. Mama aliyekwisha kuambukizwa haimponyi. Yeye ni kupimwa. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye kasoro pakageuka peupe. Ni dakika chache tu, na doa hilo laweza kutibiwa kabla halijawa saratani.