Mbung'o, Nzi Azaaye Mtoto Mmoja Mmoja

Je, wajua kwamba mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa unaowatupisha ng'ombe mimba, mwenyewe huzaa kwa uchache mno?

Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hubeba funza mmoja tu tumboni, akamlisha maziwa ya tezi zake, kisha humzaa kwenye udongo wa kivulini kila baada ya siku 9 au 10. Aghalabu watoto wake wa maisha yote hawazidi 12.

Huku bara ya Lamu, vichaka na misitu kutoka Mokowe kuelekea Hindi, Witu na Boni humpa makao. Dume na jike wote hunywa damu, na wakimuuma ng'ombe humwachia tripanosoma, kimelea cha seli moja kinachoishi damuni. Ng'ombe hushikwa na homa, hupungukiwa damu, hukonda. Mwenye mimba huweza kuitupa au kuzaa ndama dhaifu. Asiye na mimba huchelewa kuingia joto. Fahali naye huharibika korodani. Mfugaji wa ng'ombe wa nyama hukosa uzito mwaka huu na ndama mwaka ujao.

Uzazi huo mchache wa mbung'o ndio uliommaliza kisiwani Unguja. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akipandwa na dume tasa, hazai. Kuanzia 1994, madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kutasishwa kwa mionzi walimwagwa kutoka kwenye ndege. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Tofauti na Unguja, Lamu bara haina bahari ya kuuzingira msitu na kuzuia nzi wapya, lakini silaha zipo: mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi yenye harufu ya mkojo wa ng'ombe, na dawa ya kuogesha mifugo. Ng'ombe aina ya Boran wa wafugaji Waorma nao, utafiti wa ranchi ya Galana miaka ya 1980 ulionyesha, huustahimili ugonjwa huu kuliko Boran wengine.

Mimba ikitupwa, damu ipimwe, kwani ugonjwa wa brusela pia husababisha mimba kutupwa, na humwambukiza binadamu. Kilichotoka kisishikwe kwa mikono mitupu.

Mitego ya mfugaji mmoja haitoshi, maana nzi huja kutoka kwa jirani. Kijiji kizima kikitega miezi mfululizo, mzazi wa mtoto mmoja mmoja hawezi kuziba pengo.