Mkataba Walioukataa Ndio Walioushika

Desemba 29, 1835, kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini mkataba huko New Echota, Georgia, kikiiachia Marekani ardhi yote ya taifa lao mashariki ya Mto Mississippi. Chifu Mkuu John Ross hakuuridhia, wala baraza la taifa halikuukubali. Seneti ya Marekani iliupitisha kwa ziada ya kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika, na mwaka 1838 wanajeshi wakawatoa watu majumbani mwao kwa mtutu wa bunduki. Inakadiriwa kuwa watu 4,000 walikufa makambini na njiani.

Wengi wetu tumeisikia habari hiyo, na simulizi huishia hapo, kana kwamba waliofika magharibi walikuwa wakimbizi tu. La hasha. Septemba 1839 walipitisha katiba mpya mjini Tahlequah, katika Oklahoma ya leo: Chifu Mkuu wa kuchaguliwa, bunge lenye mabaraza mawili, na mahakama zao. Mwaka 1844 wakaanzisha gazeti la Cherokee Advocate, kwa Kicherokee na Kiingereza. Haikuwa raha mustarehe. Watatu kati ya viongozi waliounga mkono mkataba ule waliuawa Juni 1839, na uhasama haukutulizwa hadi mkataba mwingine wa mwaka 1846. Tena, matajiri wao walimiliki watumwa Waafrika, aibu ambayo historia ya taifa hilo haiwezi kuikwepa.

Kinachonivutia zaidi ni mbinu yao mbele ya Washington. Mkataba waliolazimishwa waliugeuza ngao. Kifungu cha 5 kiliahidi kwamba ardhi yao mpya haitaingizwa katika jimbo lolote bila ridhaa yao. Cha 7 kiliwapa haki ya kuwa na mjumbe katika Baraza la Wawakilishi pindi Bunge la Marekani litakapoweka utaratibu. Wajumbe wao walikwenda Washington mara kwa mara, wakiwa na vifungu hivyo mkononi. Ross mwenyewe alifia huko Agosti 1, 1866, siku chache baada ya mkataba mpya uliowapa watumwa walioachwa huru haki zote za raia wa taifa hilo.

Udhaifu wa ngao hiyo ulifichuliwa na tumbaku. Mkataba wa 1866 uliwaruhusu Wacherokee kuuza bidhaa zao bila kodi ya Marekani. Sheria ya mapato ya 1868 ikatoza tumbaku yote. Mwaka 1871 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sheria iliyotungwa baadaye yaweza kuutangua mkataba uliotangulia. Mwaka huohuo Bunge likakomesha kabisa ufungaji wa mikataba na mataifa ya wenyeji. Kilichofuata kilikuwa rahisi mno: sheria ya 1898 ikafuta mahakama zao, ardhi ikagawanywa vipande kwa mtu mmojammoja, na mwaka 1907 jimbo la Oklahoma likazaliwa juu yake. Kwa miongo kadhaa machifu waliteuliwa na Rais wa Marekani, wengine kwa ajili ya kutia saini hati tu. Wacherokee walimchagua tena chifu wao mwaka 1971.

Kifungu cha 7, hata hivyo, bado kinadaiwa. Mwaka 2019 Chifu Mkuu Chuck Hoskin Jr. alimteua Kim Teehee kuwa mjumbe, na Novemba 2022 kamati ya Baraza la Wawakilishi ikasikiliza hoja. Wapo wanaouliza kama raia wa Cherokee, ambao tayari hupiga kura katika majimbo yao, hawatawakilishwa mara mbili. Na serikali nyingine mbili za Wacherokee zinazotambuliwa na Washington nazo zinadai haki hiyohiyo. Ni maswali ya haki, lakini Bunge lina uwezo wa kuyajibu, na mjumbe wa namna hiyo hapigi kura ya mwisho kupitisha sheria. Hoja kwamba ahadi imechakaa siikubali: mkataba wa 1866 ulithibitisha upya vifungu vyote vya zamani visivyopingana nao, na safari hiyo Marekani ilitia saini pamoja na wajumbe wa serikali halali ya Wacherokee.