Kutengua Kabla ya Kutengeneza: Land Rover Kuukuu Katika Vilima vya Rungwe

Gari kuukuu haliuawi na umri peke yake. Ukilichunguza kwa utulivu Land Rover lililopanda na kushuka vilima vya kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, kwa muda wa miaka hamsini, likichukua mikungu ya ndizi, majani ya chai, wagonjwa na maharusi, utaona kwamba sehemu kubwa ya maradhi yake haikuletwa na mvua wala mashimo ya njia, bali na mikono iliyokusudia kuliponya. Kutu ina mwendo unaojulikana, na chuma kina tabia isiyobadilika. Lakini mtu aliyetengeneza gari kwa haraka, au kwa uhaba wa vifaa, au kwa nia ya kumhadaa mnunuzi, huacha nyuma yake ila ambazo hapana kitabu cha kiwanda kiwezacho kuzieleza. Kwa hiyo fundi atakaye kulifufua gari la namna hiyo ana kazi mbili, na ile ya kwanza, ambayo aghalabu hurukwa, ni kutengua yaliyofanywa vibaya kabla ya kutengeneza yaliyochakaa.

Asili ya gari hili ina Umarekani mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Katika Vita vya Pili vya Dunia kampuni za Willys na Ford ziliunda zaidi ya Jeep laki sita kwa ajili ya majeshi, na vita vilipokwisha, moja katika hizo ilikuwa ikitumika shambani mwa Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, katika kisiwa cha Anglesey. Alipoona jinsi ilivyomfaa, na kwamba Uingereza haikuwa na gari la kushika nafasi yake, gari la kwanza la majaribio likajengwa juu ya chasisi ya Jeep yenyewe. Na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Wakati huo chuma kiligawiwa kwa kipimo, basi bodi ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini, ilhali chasisi, na ule ukuta utenganishao injini na abiria, vikabaki kuwa vya chuma. Uamuzi huo uliozaliwa na dhiki ndio uliolipa gari hili maisha marefu katika nchi za mvua, na ndio uliolipa pia udhaifu wake mkubwa.

Udhaifu huo hudhihiri upesi Rungwe. Tukuyu, mji wa wilaya hiyo, ni miongoni mwa miji ipatayo mvua nyingi kabisa katika Tanzania, kwa kawaida zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa volkeno unaoneemesha migomba na chai ndio ule ule ugandao chini ya gari. Chasisi ya Land Rover ni boksi refu la mabamba ya chuma yaliyochomelewa, lenye uwazi ndani. Matope huingia kwa matundu yake, na hata yakikauka nje hubaki na unyevu ndani, hata kutu ikaila chasisi kutoka ndani kwenda nje. Siku mwenye gari anapoiona kwa macho, imekwisha kula kwa miaka.

Lakini matengenezo mabovu nayo yana tarikhi yake, na asiyeijua atawadhulumu mafundi waliotangulia. Bei ya mafuta ilipanda ghafula mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Taifa likapungukiwa mno fedha za kigeni, na spea zikawa adimu hata kwa idara za Serikali. Hali haikuanza kulegea mpaka mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuzitumia kuagiza bidhaa kutoka nje. Katika miaka hiyo ya dhiki fundi wa wilayani alitakiwa kulifikisha gari sokoni na hospitali, basi. Bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi. Tangi lililovuja lilisuguliwa sabuni ya mche. Hosi iliyopasuka ilizongwa kwa ukanda wa tyubu. Na fyuzi iliyoungua ilibadilishwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Madhali mambo yalikuwa hivyo, ni uadilifu kuyagawa matengenezo mabovu mafungu matatu. Yako ya dharura, ambayo yalikuwa na haki yake siku ile, na kosa lake ni kwamba spea zilipopatikana hapana aliyerudi kuyaondoa. Yako ya ujinga, ambapo fundi alikuwa na kifaa lakini hakujua kanuni ya kile alichokitengeneza. Na yako ya ghashi, ambayo makusudi yake yalikuwa kuificha ila mpaka gari liuzwe; na haya yamezidi kwa kadiri Land Rover kuukuu zinavyopanda thamani machoni pa watu, kama ilivyodhihirika Oktoba 2024 zilipokusanyika kwa wingi Arusha katika tamasha lao. Fungu la kwanza huonekana waziwazi, la pili hugunduliwa kwa kupima, na la tatu hukaa chini ya rangi mpya.

Hatua ya kwanza, basi, haihitaji spana. Lisimamishe gari mahali pakavu, lioshwe chini mpaka matope yote yatoke, kisha litazamwe siku nzima. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kufichua mengi katika sehemu zilizo za chuma: ikishika hapa na kuteleza pale, chini ya rangi kuna pati badala ya bati. Gonga chasisi kwa nyundo nyepesi kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hujibu kwa sauti butu. Na ikiwa fundi aliyelihudumia gari zamani yu hai, mwendee kwa heshima, mwamkie shikamoo, umwulize bila kumlaumu alichokifanya na sababu yake, kwani jibu lake moja laweza kukuepusha na kazi ya wiki nzima.

Chasisi ndiyo itakayokupa kazi kubwa. Desturi iliyoenea ni kuchomelea kiraka juu ya kutu, na kutu ikitokeza tena, kiraka juu ya kiraka. Ukaguzi wa haraka huisifu kazi hiyo kwa unene wake, lakini baina ya mabamba mawili huingia maji yasiyoweza kutoka, na kile kilichoongezwa kwa ajili ya nguvu huharakisha maangamizi. Isitoshe, moto wa kuchomelea haukamati juu ya kutu. Mshono huonekana mzima nje ilhali ndani umeshikilia makapi. Njia ya haki ni kukata mpaka kufikia chuma king'aacho, kuunga bamba jipya la unene ule ule ukingo kwa ukingo, kupaka rangi ya zinki, kuacha wazi matundu ya kutolea maji ambayo mafundi wengi huyaziba kwa kudhani ni uharibifu, na hatimaye kumimina mafuta mazito au nta ndani ya boksi. Kabla ya kukata pima masafa ya kona kwa kona, na uegemeze chasisi pande zote, maana chasisi iliyokatwa bila kushikiliwa hupinda, na gari likajikokota upande daima. Kabla ya kuwasha moto ondoa betri, na ulihamishe tangi la mafuta, ambalo katika mengi ya magari haya hukaa chini ya kiti cha mbele.

Alumini nayo ina hila yake. Metali mbili zisizo za jinsi moja zikigusana penye maji, umeme mdogo hupita baina yake, na ile iliyo dhaifu huliwa. Alumini ikigusana na chuma, inayoliwa ni alumini, ikawa unga mweupe. Kiwanda kililijua jambo hili. Lakini mafundi waliofuata walifunga mabati ya alumini kwa bolti na riveti za chuma tupu, kisha wakaujaza pati ule uvimbe uliotokeza. Pati haizuii kitu. Huanguka pamoja na unga wake. Lifungue bati, lisafishe, weka kizuizi cha rangi au mpira mwembamba baina ya metali hizo mbili, na utumie riveti za alumini.

Ziko ila ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa gharama, nazo ni za bolti. Land Rover za zamani zilifungwa kwa bolti za vipimo vya inchi, na leo madukani zimejaa za milimita. Tundu la inchi 5/16 lina upana wa milimita 7.94, nalo hulipokea kwa udanganyifu bolti la milimita 8; lakini hatua za meno ya bolti la milimita ni 1.25, na zile za tundu lile zakaribia 1.06. Bolti huingia mizunguko miwili, hukaza, na fundi mwenye mkono mzito akadhani limekaza vyema, kumbe ameyakwangua meno ya tundu. Fundi ajaye akilikuta limelegea, hulipanua kwa bolti kubwa zaidi, na ajaye baada yake hulichomelea kabisa. Ukilikuta tundu la namna hiyo, litie meno mapya kwa kipimo chake cha asili kwa kutumia koili ya waya wa chuma itengenezwayo kwa kazi hiyo, au ulizibe na kulitoboa upya. Na bolti yoyote ipimwe kwa geji ya meno kabla ya kuingizwa.

Umeme wa magari ya Kiingereza ulipangwa kwa rangi, na kanuni yake si ngumu. Waya wa kahawia hutoka betrini moja kwa moja. Mweupe hupata umeme ufunguo unapowashwa. Wa kijani hupita ufunguo kisha fyuzi. Wa bluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo, na mweusi hurudi kwenye bodi. Mafundi walioongeza redio, honi na taa za ukungu kwa waya wowote waliouokota, wakauzungusha kwa utepe, waliliacha gari likiwa na lugha mbili zisizosikilizana. Ukikuta viungo vya kupotoa vingi kuliko waya mzima, usiviunge upya. Vua nyaya zote, uzitandaze sakafuni, na utengeneze mkanda mpya kwa rangi za asili. Tena Land Rover nyingi zilizoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Asiyejua hufunga oltaneta ya kisasa bila kugeuza ncha hizo, na diodi zake huungua mara moja. Taa zikiwa hafifu usikimbilie kununua taa mpya. Zikiwa zinawaka, weka mita baina ya bodi ya taa na ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, na ikionyesha zaidi ya nusu volti, ubovu uko katika njia ya kurudia umeme, ambayo pengine imezibwa na rangi tu.

Katika injini, taksiri inayorudiwa kuliko zote ni kuitupa themostati. Gari likichemka, fundi huiondoa, joto hupungua, na mwenye gari hushukuru. Lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi, hasa katika asubuhi za ukungu za Rungwe, hula petroli nyingi, mafuta yake huchanganyika na maji na petroli, na silinda huchakaa kabla ya wakati. Na kile kilichokuwa kikilichemsha gari, yaani rejeta iliyoziba, pampu mbovu au gasketi iliyoungua, kimebaki pale pale. Rejesha themostati kwanza, upate kuuona ugonjwa wenyewe.

Breki hazina mzaha. Kutoka Tukuyu kwenda bonde la Kyela ni mteremko wa takriban mita elfu moja. Katika magari haya huonekana bomba la gurudumu moja lililopondwa kwa nyundo ili lisivuje, au mafuta ya injini yaliyotiwa mahali pa mafuta ya breki. La kwanza hulifanya gari livute upande linaposimamishwa. La pili huvimbisha mipira yote ya mfumo, hata breki zikajifunga zenyewe njiani. Hapa hapana cha kuhifadhi: mipira yote ibadilishwe, mabomba yawe mapya, na kazi hii itangulie injini, bodi na rangi.

Hata hivyo si kila kilichofanywa na fundi wa kijijini ni cha kutupwa. Nchi hii ya Rungwe, ambayo zamani ilipata majembe yake kwa wafua chuma wa Ukinga, haikukosa mikono yenye hikima. Bushi ya shaba nyeusi iliyochongwa kwa ustadi kwenye kerezo yaweza kuishi kuliko ile ya kiwandani, na jani la springi lililofuliwa kutoka springi ya lori laweza kuufaa mzigo wa ndizi kuliko lile la asili. Mwenye kulifufua gari asiwe mtumwa wa kiwanda. Swali la kuuliza mbele ya kila tengenezo la zamani ni hili: je, aliyelifanya alikijua kitu alichokitengeneza, na je, tengenezo hilo laweza kufunguliwa na mtu mwingine bila kuvunja kitu? Majibu yakiwa ndiyo, liache. Moja likiwa siyo, litengue.

Kanuni hiyo yakuhusu nawe pia, kwani kesho wewe ndiwe mmiliki aliyetangulia. Ukimaliza, andika katika daftari kila ulichokibadilisha: kipimo cha bolti usiyoipata ya asili, rangi ya waya ulioongeza, mahali pa kila mshono wa kuchomelea, na aina ya mafuta uliyotia katika breki, kisha daftari hilo liuzwe pamoja na gari.